Zambarau Ni Sikio

Mwanangu Onesta,

Ninaandika jua likiwa bado juu ya mabati ya jirani, na wewe umelala mkekani hapa karibu na mguu wangu, mdomo wazi, kidole chako cha kulia kimekunjwa kama kawaida yako. Kesho baada ya misa ya kwanza baba yako Masanja na mke wake, Mama Kulwa, watakuchukua kwenda Majimoto. Utakaa huko. Hawakusema wiki ngapi, na mimi sikuuliza.

Sijui nani atakusomea barua hii. Herufi unazozijua hazijafika kumi. Labda utaisoma mwenyewe ukiwa mkubwa, labda haitasomwa kabisa. Mambo ya dawa, ya kukugeuza ubavu ukilala, ya uji usiwe na mabonge, nimeshamwambia Mama Kulwa na amenielewa, kwa hiyo sitayarudia. Hapa nataka kukueleza nilivyokukosea, kwa sababu huko unakokwenda hakuna mwingine atakayekueleza.

Watu wasiotujua hucheka wakisikia nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na minane na nguo yangu nzuri kuliko zote ni sare ya shule. Lakini kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Mama yako, dada yangu Paskazia, alipofariki ulikuwa na miaka miwili na mimi kumi. Siku ya msiba Bibi, anayetulea sote wawili, alikuweka mapajani pangu mbele ya watu akasema kwa Kirundi, "Uyu ni umwana wawe." Huyu ni mwanao. Niliona haya kwa sababu watu wote waliniangalia, na wewe ulikuwa umenilowesha.

Mwaka uliofuata ulipata degedege. Ulirudi kutoka hospitali macho mazima, akili nzima, lakini ulimi umenyamaza na upande wa kushoto umelegea. Bibi alikuwa akikisia: maji? uji? nje? Ukikataa kila kitu ulilia, na Bibi naye akalia. Mimi nilikuwa nakaa pembeni na kitabu. Ndivyo nilivyo, nikizidiwa nafungua kitabu. Mpaka leo naona aibu kwamba nilikuwa najua namba za kurasa kuliko nilivyojua sauti zako za kulia.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wetu wa kompyuta alinipa kompyuta kuukuu ambayo shule ilikuwa inaitupa. Betri imekufa, ukichomoa waya inazimika. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuandikia, ya zamani, haina picha wala mapambo, herufi tu. Wenzangu waliiona mbaya. Mimi niliipenda kwa sababu inakubali kufundishwa. Unaweza kuiandikia amri yako mwenyewe, ukaifunga kwenye kitufe, na kitufe hicho kikibonyezwa amri inatekelezwa.

Bibi hajui kusoma na wewe ulikuwa hujui. Kwa hiyo nilitumia rangi. Ukibonyeza kitufe kimoja kioo chote kinakuwa bluu, maana yake unataka maji. Njano, unataka haja. Chungwa, njaa. Kijani, nikutoe nje. Nyekundu, tumbo. Bibi akiwa jikoni uani aliweza kuona rangi kupitia mlangoni bila kuacha chungu. Siku ya kwanza ulibonyeza bluu, ukapewa maji, ukabonyeza bluu tena, ukapewa tena, mpaka ukatapika. Hukuwa na kiu. Ulikuwa unajaribu kama kweli tunasikia.

Nisikilize hapa, maana kosa langu lipo hapa. Katika programu ile amri huwa na jina, na baada ya jina kuna nafasi ya maelezo, sentensi moja inatosha. Na programu ina msaada ndani yake: mtu yeyote anaweza kuuliza kitufe fulani kinafanya nini, na msaada utamjibu kwa jina na maelezo hayo. Lakini ukiwa na haraka unaweza kuandika amri isiyo na jina wala maelezo, ukaifunga kwenye kitufe hivyohivyo. Inafanya kazi sawasawa. Tofauti yake huioni mpaka siku mtu mwingine atakapouliza. Orodha ya msaada ikifika kwenye amri ya namna hiyo huandika alama mbili za kuuliza, basi. Na ukiiulizia amri yenyewe, inakumwagia mabano juu ya mabano kwa Kiingereza.

Zangu zote zilikuwa hazina majina.

Mwaka jana, Kwaresma, shule ilituweka kambini siku kumi tujiandae na mitihani. Jumapili kabla sijaondoka nilikuona unashika sikio, nikaongeza kitufe kipya. Rangi nzuri zilikuwa zimekwisha, nikachukua zambarau. Nikakuonyesha mara tatu: zambarau ni sikio. Ulinielewa, ulikibonyeza ukagusa sikio. Nikafunga begi. Bibi alikuwa ameenda kwenye sala ya jumuiya, nikasema nitamwambia akirudi. Alirudi, tukala, akaniuliza habari ya soksi. Sikumwambia.

Siku ya pili kambini kwangu, wewe ulibonyeza zambarau.

Nadhani umeshajua Bibi alifikiri nini. Wiki hizo kanisani altare ilikuwa imefunikwa zambarau, padri alivaa zambarau, msalaba ulifungwa zambarau. Bibi alipiga magoti palepale uani. Alikufunga mgongoni, wewe mtoto wa miaka tisa, miguu yako ikimgonga magotini, akatembea nawe mpaka kanisani kwa ibada ya Njia ya Msalaba. Mkarudi, ukabonyeza zambarau. Kesho yake akakubeba tena. Siku ya tatu aliwaambia wanawake wa jumuiya, "Mwana wanje, mwanangu huyu, ameitwa. Haniombi chakula, haniombi maji, anaomba kanisa tu."

Mmoja akamtania, "Basi Bibi Onesta utakuwa na sista nyumbani!"

"Sista, ego, ndiyo. Kwa nini asiwe? Masista wengine si wanakaa kimya miaka yote?"

Walicheka, wakaimba. Nimesimuliwa na wote waliokuwepo, kila mtu kwa wakati wake, na wote walianza kwa kucheka.

Siku ya nne ulikuwa unalia hata ukiwa kanisani. Bibi akamwita Kaka Deo, yule fundi simu wa barabarani, aje aangalie mashine, labda imeharibika. Deo anaijua kompyuta kidogo. Akafungua msaada, akatafuta vitufe vyako. Akaona mistari sita, na kila mstari una alama mbili za kuuliza.

"Bibi," akasema, "hapa hata kompyuta yenyewe haijui."

"Wewe ni fundi gani usiyejua?"

"Mimi fundi simu, Bibi. Huyu aliyeandika hapa kaandika kama mtu anayeficha. Mngojeni mwenyewe arudi."

Wakaningoja siku sita. Shule haikuruhusu simu kambini, na Bibi hakuona sababu ya kumtuma mtu kwa jambo la rangi.

Nilipoingia uani kambi ilipokwisha ulikuwa umekaa kwenye kiti chako, na hukunitazama. Ulibonyeza zambarau, ukainua kidole, ukabonyeza tena. Kitambaa cha mto kilikuwa na usaha uliokauka. Hospitali walisema kiwambo cha sikio la kulia kimeliwa, na kwamba ungeletwa mapema ingekuwa dawa ya matone tu. Daktari hakunigombeza. Aliandika huku akisema, "Mtoto mwenyewe hakuwaambia kwamba anaumwa?"

Nilisema, "Alisema."

Kwa hiyo ukiwa Majimoto ukaitwa kutoka kulia usisikie, ukadhani ulizaliwa hivyo, hapana. Ni mimi.

Bibi aliacha kula siku mbili. Hakunilaumu hata kidogo, alijilaumu yeye, kwamba alikuwa anajivunia kwa Mungu huku mtoto anaoza sikio. Nilimwacha ajilaumu kwa wiki nzima kabla sijamwambia kwamba nilikuwa nimesahau kumweleza. Hilo nalo lihesabu kwenye makosa yangu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijamwambia mtu. Sikuacha yale maelezo kwa haraka tu. Kila nilipoandika amri niliona ile nafasi, sentensi moja, nusu dakika. Niliiacha kwa sababu nilipenda wewe ueleweke kupitia kwangu. Shuleni sina marafiki wengi, nikiongea darasani sauti inakatika. Lakini hapa uani watu walikuwa wanasema, "Ngoja Leokadia arudi, yeye ndiye anajua Onesta anasema nini," na mimi nilikuwa natembea haraka kutoka shule ili nije kuulizwa. Usije ukanipenda kwa sababu mimi ndiye niliyekuelewa kuliko wote, mwanangu. Nilihakikisha iwe hivyo.

Baada ya sikio nilianza kutengeneza. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Niliandika maelezo ndani ya kila amri, nikafungua orodha, alama za kuuliza zikawa zipo palepale. Orodha ile haisomi maelezo, inatafuta jina tu, na isipoliona inakata tamaa. Ikabidi niufundishe msaada wenyewe: ukikuta amri isiyo na jina, usiandike alama za kuuliza, ingia ndani, chukua mstari wa kwanza wa maelezo, uuandike hapo. Kusema ni rahisi. Mimi nilisoma kurasa za msaada kwa Kiingereza na kamusi pembeni, nikikosea programu inafunguka nusu, nikikosea zaidi haifunguki. Miezi miwili. Nilifeli jaribio la fizikia. Sijutii fizikia.

Halafu orodha ikakubali. Kwenye mstari wa zambarau, badala ya alama za kuuliza, pakaandikwa: Hubadilisha rangi ya kioo kuwa zambarau. Nilikimbia kumwita Kaka Deo. Alikuja na bisibisi nyuma ya sikio, akasoma, akaniangalia.

"Dada, kwamba imekuwa zambarau naliona hilo kwa macho yangu. Mtoto anataka nini?"

Nilikaa chini. Miezi miwili nilikuwa nimeandika mashine inafanya nini. Sikuandika wewe unasema nini. Nikafuta yote nikaanza tena, sentensi moja moja, na sasa ile ya zambarau inasema: Onesta anasema sikio linauma. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kila nikiisoma naona ingeweza kuandikwa ile Jumapili, kabla sijafunga begi.

Ningependa kukuambia kwamba kazi hii itakulinda. Siwezi. Huko mtatumia solar, na masika kunakuwa na mawingu siku nzima. Kompyuta yenyewe ni kuukuu, kioo kina mstari mweusi ambao wiki hii umenenepa. Nimenakili maelezo yote kwenye daftari na kulipaka rangi kwa penseli, lakini daftari huwezi kulibonyeza ukiwa peke yako chumbani watu wako mashambani. Nimefanya nilichoweza na nimechelewa, na ninajua hivyo vyote viwili.

Leo mchana nilimjaribu Mama Kulwa. Ni mama wa mapacha, mikono yake ni mipana, na alipokuinua kukuweka kwenye kiti hukulia. Nilikuwa natamani ulie, nisamehe. Alisoma mpaka darasa la tano, anasoma polepole kwa sauti. Niliita orodha, nikasogea pembeni, nikamwambia ajitegemee.

"Chu-ngwa. Onesta anasema njaa." Akakugeukia. "Kweli? Bonyeza nikuone."

Ulibonyeza njano.

"Nja-no. Onesta anasema..." Akasoma mpaka mwisho, akacheka. "Haya twende, mayu, mama yangu, kabla hujaniaibisha ugenini."

Akakubeba. Nilibaki nimesimama chumbani peke yangu na kioo cha njano. Ilifanya kazi. Mtu asiyekujua kabisa alisoma sentensi yangu akajua unataka nini, na hakuniuliza mimi. Nilifanya kazi miezi yote hiyo ili siku hii ifike, na ilipofika niliegemea ukuta kama mtu aliyepigwa.

Aliporudi alisoma mpaka chini. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Mama Onesta, na huyu? Mbona yeye bado ana alama za kuuliza?"

Hiyo ni pinki. Baada ya sikio nilikupa kitufe ambacho sikukipa maana. Nilikuambia, hiki ni chako, sema nacho chochote. Nilidhani baada ya wiki nitajua. Imekuwa zaidi ya mwaka. Umekibonyeza mvua ilipopiga bati. Umekibonyeza bata walipoibiwa. Ulikibonyeza nikienda shule na ukakibonyeza nikirudi. Nimeandika kwenye daftari kila mara, saa na siku na nani alikuwepo, kama mtu wa sayansi, na sijui.

Jumapili iliyopita ukoo ulikaa hapa kwa ajili yako. Baba yangu mkubwa aliongoza. Walisema Bibi hana tena mgongo wa kukubeba, na ni kweli. Walisema baba yako ana nyumba, ana mpunga, ana mke ambaye amekubali, na mtoto ni wa ukoo wa baba. Masanja alisema taratibu, "Mimi sikumtupa. Nilikuwa naogopa tu. Sasa siogopi." Sikuweza hata kumchukia. Halafu baba mkubwa akanigeukia.

"Leokadia, wewe ndiye mama yake mdogo. Una neno?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, upande wa mbele na wa nyuma, na karatasi ilikuwa mkononi. Nilitaka kusema ningojeeni, nimalize kidato cha nne, nitamlea. Watu wote waliniangalia, kama siku ya msiba.

Nikasema, "Sina."

Ukabonyeza pinki. Ukuta wote nyuma yako ukawa wa pinki, na nyuso za wazee.

"Hiyo maana yake nini?" baba mkubwa akauliza.

Miaka yote hii nilikuwa ninangoja kuulizwa hivyo mbele ya watu. Nikasema, "Sijui, baba mkubwa." Kikao kikafungwa kwa sala.

Najiuliza kama ulikuwa unakataa. Najiuliza kama ulikuwa unakubali, kwa sababu umechoka na nyumba hii na mimi. Najiuliza kama ni jina langu. Hilo ndilo ninalolitaka, na kwa sababu nalitaka siwezi kuliamini. Nimeona hatari ya mtu kuangalia rangi yako na kuona kile anachokipenda yeye. Bibi aliona kanisa.

Kwa hiyo sikumdanganya Mama Kulwa. Nilimwambia, "Hiyo hata mimi sijui."

"Wewe hujui?"

"Sijui, dada."

"Basi nitakuwa naangalia," akasema. "Huko si tutakuwa naye kila siku."

Nilikaa kwenye kompyuta, nikafungua amri ile ya pinki, nikaandika mahali pa maelezo: Onesta anasema jambo lake mwenyewe. Mama yake mdogo hajalijua. Nikaifungua orodha kuhakikisha, na alama za kuuliza za mwisho zikawa zimetoka. Kisha nikamwita Mama Kulwa akae kwenye kiti changu. Nilimshika kidole chake kikubwa nikamwonyesha jinsi ya kuufungua mstari ule, jinsi ya kuandika maneno yake hapo siku atakapojua, na jinsi ya kuhifadhi. Alikosea mara mbili, ya tatu akaweza. Akaniuliza maneno yangu yatakwenda wapi akiandika ya kwake.

Nikamwonyesha jinsi ya kuyafuta.

Mama yako mdogo,
Leokadia
Kawajense, Mpanda